Gazeti Linalouzwa Karatasi kwa Karatasi

Mjini Kasongo hakuna mtu aliyewahi kusoma gazeti la *Mirindimo* kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sababu ni Mama Régina. Gazeti hilo la muziki linatengenezwa Bukavu, linapita Kindu, na kutoka Kindu linaletwa kwa pikipiki, limefungwa ndani ya nailoni pamoja na betri za redio na dawa ya kuku. Likifika, bei yake imeshapanda kiasi kwamba kijana hawezi kulichukua lote. Mama Régina, mwenye meza pembeni ya soko, alilimaliza tatizo hilo siku ya kwanza tu. Aling'oa pini, akapitisha wembe kwenye mkunjo, akaanza kuuza karatasi moja moja.

"Unataka gani?" huwauliza. "Iko ya wachimbaji, iko ya wanafunzi, iko ya mabinti wa kasida. Ya wazee hakuna, wazee hawasomake."

Wahariri wa Bukavu wangeuita mchezo huo wizi. Ukweli ni kwamba Mama Régina alilielewa gazeti lao kuliko wao wenyewe. *Mirindimo* limepangwa hivyo hivyo: kila karatasi na watu wake. Iko ya wachimba dhahabu, yenye herufi za njano na vijana waliovaa mabuti. Iko ya wanafunzi, yenye Kifaransa kingi na miwani. Iko ya wasichana wa kasida, wenye vitambaa vya hariri kichwani na macho yanayotazama chini, lakini si chini sana. Kila karatasi inamwambia mnunuzi: wewe tunakujua, watu wa aina yako wanavaa hivi, wanasikiliza wimbo huu, na wanawacheka wale wengine. Kijana akilipa, anajinunua mwenyewe, amepakwa uzuri kidogo.

Fundi Hemedi Ramazani aliyajua haya kwa njia ya kamba ya kupimia. Ana miaka thelathini na minane, na mashine yake ya kushona iko barazani kwa duka la chumvi, hatua ishirini kutoka meza ya Mama Régina. Baba yake alishona kanzu pale pale. Hemedi naye angeshona kanzu hadi leo, ila vijana walianza kumletea karatasi.

"Yaya, shona kama hii," walimwambia, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa.

Alishona. Alishona ovaroli za wachimbaji kwa watoto wa wenye maduka ambao hawajawahi kushika sururu. Alishona shati za kola ngumu kwa watu walioacha shule darasa la nne. Kuna kijana mmoja alikuja Jumatatu na karatasi ya wachimbaji, akarudi Alhamisi na ya wanafunzi. Hemedi alimpima mara ya pili. Kiuno kilikuwa kile kile. Mwili ulikuwa bado haujapata habari.

Lakini ushonaji ulikuwa tumbo tu. Moyo wa Hemedi ulikuwa kwenye kundi lake la muziki, Wana-Sokoni, alilolianzisha miaka kumi na mmoja nyuma na ambalo yeye mwenyewe alilipigia ngoma. Walikuwa saba, ila watu walizijua sauti tatu. Djafari alipiga gitaa. Miezi ya mvua alikuwa anachimba dhahabu Salamabila, na kiangazi kikianza alirudi na kucha zilizosuguliwa hadi zikawa nyeupe, kwa sababu aliona aibu kuingia mjini na uchafu. Soraya, binti wa nyumba ya Kiislamu ya zamani, aliimba kasida tangu madrasa. Elsa alikuwa mwanafunzi wa ualimu na mwimbaji wa kwaya ya parokia. Soraya alianzisha, Elsa akaweka sauti ya pili aliyojifunza kanisani, gitaa la Djafari likapita katikati yao kama mtu anayejua njia. Muziki huo haukuwa na jina. Watu waliucheza, hawakuuliza unaitwaje.

Na waliweza kuucheza popote kwa sababu ya desturi moja ya Kasongo. Kwenye harusi, watu wa upande mmoja wanavaa kikwembe kimoja, na aliyevaa kile kitambaa ni mtu wa nyumba. Anapewa sahani bila kuulizwa ni mtoto wa nani. Hemedi aliitumia desturi hiyo kama fundi anavyotumia kitambaa, bila kupoteza hata kipande. Kila mwaka alichukua kikwembe kimoja akawakatia wote saba. Walipofika kwenye nikaha ya Waislamu, kwenye ubatizo, kwenye matanga huko vijiji vya Kabambare ambako wazee wanaimba Kibangubangu, hakuna aliyeuliza nani anasali wapi. Walikuwa watu wa kitambaa kile.

Mwaka huu Hemedi alikuwa na hofu. Djafari alianza kusema kwamba atabaki Salamabila moja kwa moja. Elsa alikuwa anamaliza masomo na angepelekwa kufundisha popote. Nyumbani kwa Soraya wageni wa posa walishaanza kunywa chai. Kundi likikosa jina mwaka huu, mwaka ujao halitakuwepo. Hemedi alitaka kitu kimoja: jina la Wana-Sokoni liandikwe mahali, watu wa mbali waliite, na wale watatu wawe na sababu ya kubaki pamoja.

Ndipo akafika Fabrice, mwandishi wa *Mirindimo*, kijana wa viatu vyeupe ambavyo alivifuta kwa kitambaa kila baada ya hatua kumi. Alikuja kufanya toleo la Maniema. Aliwasikiliza Wana-Sokoni nyuma ya soko, akapiga makofi, akamvuta Hemedi pembeni.

"Fundi, nyinyi muko watu gani?"

"Tuko watu wa Kasongo."

"Hapana, Yaya. Musomaji anaangalia picha, anasema: huyu ni miye. Sasa akiona muchimbaji na mwanafunzi wa padri na binti wa madrasa ndani ya kitambaa kimoja, atasema nini? Atasema: hawa ni nani? Anapita."

"Ku harusi hawapiti. Wanacheza."

"Ku harusi wanakula bure," alisema Fabrice. "Gazeti wananunua."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na elimu ya jambo hilo, na mtu mwenye elimu ya jambo ni vigumu kumchukia. Akatoa shauri lake: Djafari aende kwenye karatasi ya wachimbaji, Soraya kwenye ya kasida, Elsa kwenye ya wanafunzi. Kila mmoja kwa watu wake. Halafu yeye Fabrice, kwenye ukurasa wa barua ya mhariri, angeandika wazi kwamba wote watatu ni kundi moja, Wana-Sokoni ya Kasongo, chini ya fundi Hemedi Ramazani.

"Jina langu lote?"

"Lote, Yaya. Na mavazi utashona weye."

Hemedi aliona karatasi tatu mahali ambapo alikuwa ameomba moja. Alikubali. Nyumbani alimweleza mke wake, Rachida, ambaye alikuwa anachambua mchele na hakuinua kichwa.

"Na weye, Baba Malaika, uko ku karatasi gani?"

"Miye niko nyuma ya wote."

"Nyuma ya karatasi kunakuwaka tangazo ya sabuni," alisema Rachida.

Alishona kwa wiki mbili, na alishona vizuri, hilo hakuna anayelikataa. Kwa Djafari alitengeneza ovaroli yenye viraka vya ngozi magotini, viraka visivyofunika tundu lolote. Siku ya picha ardhi ilikuwa kavu, ikabidi wailoweshe kwa beseni la maji ili wapate tope. Djafari alisimama akipakwa mashavuni huku ameficha mikono nyuma.

"Mikono nayo," alisema Fabrice. "Hasa kucha."

"Kule Salamabila tunanawa," alisema Djafari.

"Kule Salamabila hakuna musomaji anayekuona. Leta mukono."

Soraya alipakwa hina mkono mmoja, kwa kuwa wa pili haungeonekana. Elsa alipewa miwani isiyo na vioo. Akapitisha kidole ndani ya tundu akajikuna jicho, na wote wakacheka hadi Hemedi akalegea kwa furaha. Ilikuwa mara ya mwisho kuwaona wakicheka kitu kimoja, ingawa wakati ule aliichukua kama mara ya kwanza ya mambo mazuri.

Gazeti lilifika baada ya majuma sita. Hemedi aliacha suruali ya mtu kwenye mashine akaenda mezani kwa Mama Régina. Watu walikuwa wengi, na wembe ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

"Fundi! Watoto wako wamekwisha!" Mama Régina alimpigia kelele. "Ya Djafari imekwisha asubuhi. Ya Soraya mabinti wamepigania. Ya Elsa zimebaki mbili, wanafunzi wanaenda kutafuta feza kwanza."

"Nataka ile ya barua ya mhariri."

"Ya nini?"

"Ile yenye maandishi tu. Haina picha."

Mama Régina alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa ganda la yai liko wapi.

"Yaya Hemedi, ile miye nilishauzaka lini? Ile namupatiaka mama wa vitumbua, afungie vitumbua."

Miaka minne Hemedi alipita mbele ya meza ile kila asubuhi ya Mungu. Miaka minne alikula vitumbua vilivyofungwa ndani ya barua za mhariri, akapangusa vidole kwa maneno ya watu wa Bukavu, na hata mara moja hakujiuliza ukurasa ule unaishia wapi. Alimfuata mama wa vitumbua. Karatasi tano zilikuwa zimeshaondoka na wateja. Ya sita ilikuwa mezani na ilikuwa na kitu ndani. Hemedi alinunua vitumbua vinne ambavyo hakuvitaka ili apate jina lake. Fabrice hakumdanganya. Yote yaliandikwa, mstari wa mwisho kabisa: *Wana-Sokoni ya Kasongo, chini ya fundi H*, halafu doa la mafuta kubwa kama kiganja.

Akavila vile vitumbua akiwa amesimama.

Kumbe doa lilikuwa dogo kuliko mengine yaliyokuja. Chini ya kila picha Fabrice alikuwa ameweka maneno, kila mmoja na yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeyasema. Djafari aliambiwa amesema: *Kasida inatupa usingizi. Sisi wa machimbo tunataka muziki wa jasho.* Soraya alisema kwamba binti mwenye kwao haimbi mbele ya watu wenye tope. Elsa alisema, kwa Kifaransa, kwamba muziki bila shule ni kelele. Na kwa vile kila mmoja alinunua karatasi yake tu, hakuna aliyejua mwenzake amesema nini, mpaka wengine walipowaletea. Katika Kasongo habari ya namna hiyo haikosi mletaji.

Juma lililofuata walikuwa na harusi Nyangwe, kwa familia ya Waislamu wauza samaki waliowaita tangu zamani. Hemedi alipanga pikipiki nne. Elsa hakuja. Alituma mwenziwe wa chuo aliyesema kwamba Mademoiselle Elsa ana mkutano. Hemedi aliuliza mkutano wa nini. Wa wasomaji, alijibiwa. Soraya alikuja na shangazi zake wawili, mbele kabisa, bila kugeuka nyuma. Djafari alikuja na vijana wanane ambao Hemedi hakuwajua kwa majina, wote ndani ya ovaroli zenye viraka vya ngozi magotini. Hemedi alizitambua: tano alizishona yeye. Tatu zilikuwa za fundi mwingine, na mishono ilikuwa imekaa vibaya.

Hakuna aliyevaa kikwembe cha mwaka huu isipokuwa Hemedi na wapigaji wengine watatu, watu wazima wasio na sauti.

Mlangoni walisimamishwa na mama wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye karatasi ya Djafari mkononi. Alikuwa ameletewa na mtoto wa dada yake kutoka Kasongo.

"Ni weye huyu?"

"Ni miye, mama, lakini ile maneno..."

"Kasida inakupa usingizi?"

"Mama, sikusema."

"Iko na picha yako. Iko na jina yako. Sasa ni nani alisema, ni mimi?" Wanawake nyuma yake walianza kucheka. "Leo hapa ni kasida mpaka asubuhi, bwana. Tusikutese bure. Nenda kwenu ukalale!"

Wanawake wakapiga vigelegele, na vigelegele hivyo vilikuwa vikali kuliko tusi. Vijana wanane wa ovaroli nao hawakunyamaza. Walianza kuimba *jasho, jasho*, wakipiga miguu chini, na Djafari, aliyekuwa ameinamisha kichwa, aliwageukia. Hemedi alimwona uso. Aliona aibu ikitafuta pa kwenda, ikapata vijana wanane waliokuwa upande wake.

Soraya aliimba ndani, na wanawake, kwa dufu tu. Sauti yake ilitoka safi mpaka uani, nzuri kuliko siku zote. Hakukuwa na sauti ya pili chini yake. Hemedi alikaa na ngoma katikati ya magoti akingoja kuitwa. Alipewa sahani ya pilao, kwa kuwa alikuwa amevaa vizuri; ila yule aliyemletea alimuuliza kwanza, "Baba, weye uko wa upande gani?" Miaka kumi na mmoja hakuna aliyemuuliza hivyo.

Djafari alikuja kuaga siku tatu baadaye, barazani, akiwa na mfuko wake wa Salamabila.

"Yaya, ile maneno sikuyasema."

"Najua."

"Wallahi sikuyasema."

"Najua, Djafari. Basi nenda useme hivyo. Mbele ya watu, useme: miye niko wa Wana-Sokoni, na kasida naipenda."

Djafari aligeuza kofia mkononi. Kucha zake zilikuwa nyeusi. Hemedi alijikuta anazitazama akijiuliza moyoni zimepata wapi uchafu, na machimboni hajafika bado.

"Yaya, shida ni moja," alisema Djafari polepole. "Sikuyasema, lakini wanayapenda. Kule wameshaniita. Wako zaidi ya mia. Wana-Sokoni ni nani atatuita?"

Swali hilo lilikuwa la kweli, na jibu pekee la Hemedi lilikuwa karatasi moja yenye mafuta, aliyokuwa ameikunja ndani ya daftari la vipimo. Hakuitoa. Alimpa mkono, akamtakia safari njema, akarudi kwenye mashine.

Soraya hakuja kuaga. Posa ilipita. Familia ya mume, watu wa Kasongo hapo hapo, walikuwa wameibandika ile karatasi ukutani, sebuleni, pembeni ya kalenda. Walisema wanataka hasa msichana wa namna ile. Sharti lao lilikuwa dogo: asionekane tena na watu wa gitaa. Baba yake alikubali kabla sharti halijamalizika kusemwa. Elsa alikutana na Hemedi sokoni, akamsalimia kwa adabu kubwa, kwa Kifaransa. Alikuwa amevaa miwani. Safari hii ilikuwa na vioo, ingawa macho yake hayakuwa na shida yoyote.

Kilichobaki kwa Hemedi kilikuwa kazi. Kazi ilikuja kama mvua ya Novemba. Kutoka Salamabila waliagiza ovaroli za viraka. Kutoka Lusangi waliagiza pia, huko ambako hata watoto wa wakulima wa mpunga sasa walitaka kufanana na wachimbaji ambao kwa kawaida huvaa kaptura iliyochanika. Mabinti walileta hariri. Wanafunzi walileta picha ya kola. Mlangoni makundi hayo yalikuwa hayasalimiani. Kila moja lilingoja upande wake wa baraza na kulitazama jingine kama mtu anavyotazama viatu vya mgeni. Hemedi aliwapima wote kwa kamba ile ile. Hakuwahi kupata msimu kama ule tangu aanze kushona, na Rachida alibadilisha bati la jikoni.

"Si ulisema uko nyuma ya wote?" alimwambia siku moja. "Basi uko."

"Nyamaza, Mama Malaika."

"Nimenyamaza."

Ilipita miezi miwili kabla simu ya Fabrice haijaingia. Sauti yake ilikuwa na furaha. Toleo la Maniema lilikuwa limeuzwa kupita yote, wakubwa wa Bukavu walikuwa wamefurahi, na sasa walikuwa wanafungua karatasi mpya.

"Kwa wasomaji wa miaka thelathini na tano kwenda juu, Yaya. Tumeona hawana karatasi yao. Itaitwa *Waliokuwepo*. Makundi ya zamani, yaliyokufa. Watu wa rika hilo wanapenda sana vitu vilivyokufa."

Hemedi alisimamisha gurudumu la mashine kwa kiganja.

"Wana-Sokoni iliitwa harusi mwezi wa tisa," alisema.

"Ndiyo, ndiyo. Lakini sasa haiko, si ndiyo? Na weye uko na historia, uko na uso mzuri wa historia. Karatasi nzima, Yaya. Picha kubwa. Jina lako juu, si chini. Ile doa nilisikia, lakini hakuna mafuta yatakayoifika, hii Mama Régina ataiuza."

Mezani kulikuwa na ovaroli kumi na mbili za watu wa Lusangi, zimekatwa, hazijaunganishwa. Barazani wasichana wawili wa hariri walikuwa wanangoja, na mbele yao vijana watatu wa kola ngumu. Rachida, aliyekuja kuchukua sufuria ya chai, alikuwa amesimama nayo mlangoni, akisikiliza bila kujificha.

"Utataka nivae nini?" aliuliza Hemedi.

"Kizee kidogo. Unayo kofia ya zamani, ile ya kushonwa kwa mkono, kama ya wazee wa Kasongo?"

"Sina."

"Basi jishonee, Yaya. Ila usiifanye mupya sana."

Hemedi alikata simu. Alizisogeza pembeni ovaroli za Lusangi, akawaambia wasichana na vijana warudi kesho, akatafuta kipande cheupe cha kofia, akakiweka ndani ya sufuria ya Rachida iliyokuwa na majani ya chai ya asubuhi, ili kipate rangi ya miaka.